Kaingia na kiharusi kidogo anaongea, asubuhi upande wote umelala. Ningejuaje?

Tabibu mmoja wa kituo cha afya wilaya ya Mpwapwa kaniuliza hivi: mzee wa miaka 64 kaletwa jioni, mkono wa kulia dhaifu kidogo tu, anaongea na kutania manesi, presha 200/110, wakampa nifedipini chini ya ulimi ikashuka mpaka 130. Asubuhi mkono na mguu haviinuki, ulimi mzito. Anataka kujua kama kuna kipimo cha kutabiri nani atazidiwa.

Mdogo wangu, kipimo kimoja cha uhakika hakuna. Wa kuwaogopa wapo: sukari iko juu hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari, mapigo ya moyo yanaruka ruka, au kaingia macho yamegeukia upande mmoja na maneno hayatoki, huyo mshipa mkubwa huenda umeziba na ubongo unaweza kuvimba, mara nyingi siku ya 2 mpaka ya 5. Ila mzee wako nahisi ni wale wanaotudanganya, kamshipa kadogo ka ndani kabisa, akili zake timamu kumbe udhaifu unapanda ngazi usiku kucha. Au ilikuwa damu inavuja ndani ya ubongo na donge likaongezeka, manake bila CT skani (picha ya kichwa) huwezi kutofautisha, ndo maana hata aspirini tunasema subiri picha.

Sasa hiyo nifedipini. Naelewa, 200 inatisha, ndugu wanakuangalia, lakini kama mshipa umeziba lile eneo la ubongo lililo hoi ila bado halijafa linategemea hiyohiyo presha, ukiishusha ghafla umelikata maji. Kama ni kuziba na hapewi dawa ya kuyeyusha donge lililoziba hatuigusi mpaka ipite 220/120, labda moyo umefeli au kuna dharura nyingine. Damu ikiwa inavuja tunashusha, ila kwa dripu, polepole, chini ya uangalizi.

Tunasema kazidiwa pale alama za NIHSS (kipimo cha ukali wa kiharusi, 0 mpaka 42) zikipanda 2 au zaidi ndani ya siku 3 za mwanzo, wengine wanataka 4. Zitapandaje kama jioni hakuna aliyeziandika? "Mkono dhaifu" kwenye faili haimsaidii nesi wa zamu ya usiku. Mwambie aunyooshe mkono, hesabu mpaka 10, mguu mpaka 5, andika umeanguka kwenye ngapi, rudia kila saa usiku huo wa kwanza. Ukianguka mapema kuliko mwanzo, pima sukari, oksijeni, joto na presha kwanza, angalia kama hajapata degedege, na ndugu wasimnyweshe uji amelala chali kabla hujajaribu kumeza kwake kwa maji kidogo.

Na ukipiga simu ya rufaa kwetu Dodoma, anza na saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Saa aliyofika kituoni tutaiuliza baadaye.