Ufito wa mwanzi kwa ajili ya trauti

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza uchukue ufito gani wa mwanzi kwa safari ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye vijito vya Aberdare, Kenya. Chukua wa futi 7 hadi 7 na nusu, wa mshipi namba 4 (namba ni uzito wa mshipi, na 4 ni mwepesi); kijito chenye vichaka hakitaki ufito mrefu.

Ule mzuri si mwanzi mzima kama tunaokata huku Kigoma. Ni aina ya mwanzi iitwayo Tonkin kutoka China, uliopasuliwa vipande sita vyembamba vikagandishwa kwa gundi. Kabla hujalipa, weka jicho moja kwenye shina utazame hadi nchani: je, umenyooka? Pitisha ukucha kwenye maungio ya gundi uone kama yameachana. Kisha unganisha sehemu za ufito, tikisa taratibu; kiungio cha chuma kinachozishika kikigongagonga, uache, hata bei ikiwa tamu.

Na tafadhali, usiujaribishe kwa kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika! Yule ana nguvu, atakupindishia ncha. Kwa kuhe mshipi wa mkono unatosha. Ukitoka mtoni, ufute ukauke kabisa kabla ya kuurudisha kwenye mfuko, na usiuache ndani ya gari juani, gundi huachia.