Punda Anakonda? Mtazame Mdomoni Kwanza

Kwetu Tanga punda akikonda, hukumu hutoka kabla ya kesi kusikilizwa: ana minyoo. Mtu anakimbilia duka la pembejeo, ananunua dawa, anamnywesha, na wiki kadhaa baadaye mbavu bado zinahesabika. Anaongeza dozi. Mimi nafuga punda wa mkokoteni upande wa Pongwe, wanabeba maji, mchanga na matofali, na ushauri wangu ni huu: kabla hujatoa hela ya dawa, kaa umtazame anavyokula.

Kaa kweli, usimtupie majani ukaondoka. Punda mwenye shida ya meno hutafuna upande mmoja, hupindisha kichwa, hutua, kisha hudondosha vibonge vya majani yaliyolowa mate na kutafunwa nusu. Ukivikuta vibonge hivyo chini ya hori, mwite daktari wa mifugo. Chambua na kinyesi: ukiona nyuzi ndefu za majani, jua kuwa hasagi. Wengine chakula huwajaa shavuni, ukimwangalia utadhani bibi ana tambuu, na mdomo hutoa harufu mbaya.

Sababu yake ni maumbile. Gego la punda ni refu, sehemu kubwa imefichwa ndani ya taya, na husukumwa nje taratibu, kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, huku majani yakilisaga. Lakini taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayakutani sawasawa. Ukingo usiosagwa hubaki na ncha kali: kwa magego ya juu ni upande wa shavu, kwa ya chini ni upande wa ulimi. Ncha hizo huchana nyama, na mnyama mwenyewe hasemi. Punda ni hodari wa kuficha maumivu. Atavuta mzigo vilevile, siku akigoma ataitwa mkaidi na kuongezewa fimbo. Tunapenda kusema asante ya punda ni mateke. Mateke mengine, naamini, ni ya jino.

Na sisi tunachangia. Pumba na chicha ya nazi hupatikana kirahisi, lakini chakula laini humezwa upesi na hakisagi meno. Chakula chake kikuu kiwe nyasi ndefu, hayo mengine ni nyongeza.

Sasa, kusaga zile ncha. Usimruhusu mtu aje na tupa ya fundi chuma au koleo la kuvunjia jino. Jino lina uhai ndani. Likisagwa kupita kiasi au likipasuka umemtengenezea punda jipu la taya. Kazi hii ina tupa zake maalumu na chuma cha kushikilia mdomo uwe wazi, na mara nyingi daktari humchoma punda sindano ya kumtuliza kwanza. Tanga hatuna sababu ya kubahatisha, maana chuo cha mifugo cha LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kiko hapa hapa Buhuri. Ukikosa pa kuanzia, kaulizie huko. Ukimpata mtaalamu, mwulize bila haya: una kifaa cha kufungulia mdomo? Akikujibu kwamba mkono tu unatosha, mshukuru, muagane. Mdomo ukaguliwe mara moja kwa mwaka. Wanaobadilisha meno na wazee, mara mbili.

Hili lisikupite: punda akianza ghafla kutoa mate mengi na kushindwa kumeza, usiingize mkono mdomoni kutafuta mfupa au mwiba. Huenda kitu kimemkwama kooni, lakini kichaa cha mbwa nacho huja hivyo hivyo, na mate yake yakiingia kwenye mchubuko wa kidole ni hatari ya kifo. Mtenge, ita daktari. Kama mate yamekwisha kukugusa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wakati wa kununua, funua midomo uone meno ya mbele. Ya utotoni hubadilishwa jozi kwa jozi, akiwa na karibu miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, kisha minne na nusu. Kwenye mitano kinywa kimekamilika. Kuanzia hapo makisio yanalegea kila mwaka, kwa hiyo muuzaji anayeapa kwamba wake ana tisa kamili anakuuzia maneno. Ng'ombe ni habari nyingine: hana meno ya mbele juu, ndivyo alivyoumbwa, usishtuke.

Punda mzee ambaye magego yamemwisha bado anaweza kuishi vizuri. Mkatie nyasi changa vipande vidogo kabisa, mlowekee pumba ziwe uji mzito, mpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Asikae na njaa hata siku moja, hasa aliyenenepa au mwenye mimba, kwa sababu punda akiacha kula mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na kuharibu ini, naye anaweza kufa ndani ya siku chache. Uji uliolala ukachacha kwa joto hili letu, umwage.