Diodi ya fuwele nano ikififia mapema, kagua mipaka ya tabaka kwanza

Mtu akiniletea diodi ya fuwele nano (taa ndogo ambayo mwanga wake hutoka kwenye chembe ndogo mno za fuwele) inayofifia haraka, kwa kawaida ameshazilaumu fuwele zenyewe. Mimi humwambia aziache kwanza. Kwa niliyoyaona maabara, tatizo mara nyingi liko pale tabaka moja linapogusana na jingine.

Iwashe kwa mkondo usiobadilika, uandike mwangaza na volteji kwa pamoja. Volteji ikipanda huku mwangaza ukishuka, kuna mahali chaji zinakwama, na mimi huanza kupekua mipakani. Wengi hupima mwangaza peke yake, wakabaki kubahatisha.

Kwenye fuwele za kadmi seleni, elektroni huingia kirahisi kutoka tabaka la oksidi ya zinki lililo upande mmoja, ilhali chaji chanya hupata shida kutoka tabaka la polima lililo upande wa pili. Elektroni zikizidi, huvuka fuwele na kuanza kuitafuna polima. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walipachika utando mwembamba wa akriliki, kitu kisichopitisha umeme, kati ya fuwele na oksidi ya zinki. Diodi yao nyekundu ilifikia ufanisi wa 20.5%, na uhai wake ukakadiriwa kuzidi saa 100,000 kwenye mwangaza wa kandela 100 kwa mita ya mraba. Kizuizi ndicho kilichosaidia!

Hata hivyo, utando huo ni msumbufu: ukizidi unene kidogo tu, volteji inapaa. Ndiyo maana napendelea kuchanganya magnesi kwenye oksidi ya zinki. Elektroni hupungua kasi, na kasoro zinazozima mwanga wa fuwele hupungua pia. Ila usishangilie vipimo vya siku ya kwanza. Diodi hizi zikifunikwa kwa gundi yenye asidi huweza kung'aa zaidi zikiwa zimekaa tu rafuni, kisha zikaporomoka. Zipime tena baada ya siku kadhaa.

Ukitumia PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme kwenye upande wa chaji chanya, kumbuka ina asidi na hunyonya unyevu. Hula hata elektrodi ya oksidi ya indi na bati iliyo chini yake. Madoa meusi yakionekana kwenye hadubini, yakitambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, shughulikia ufungaji kabla ya kugusa kemia yoyote.

Na unapotangaza saa za uhai, taja mwangaza wa kuanzia. Ukiupandisha kutoka kandela 100 hadi 1,000, uhai hupungua kwa zaidi ya mara kumi.