Je, tamasha la treni ndogo za mvuke linawafaa watoto?

Ndugu, umeuliza iwapo siku nzima kwenye tamasha la treni ndogo za mvuke inawafaa watoto, au kama treni zenyewe ni za kuchezea tu. Inawafaa sana, na kama ningeulizwa pa kwenda ningetaja reli ya Romney, Hythe na Dymchurch huko Kent, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo hadi leo inabeba abiria takriban kilomita 22 kutoka Hythe hadi Dungeness, kwenye njia yenye upana wa milimita 381 tu. Injini zake ni theluthi ya ukubwa wa zile kubwa, lakini moto wake ni wa kweli, na dereva, aliyeketi peke yake nyuma ya tanuri, ndiye anayeuchochea, kutazama kipimo cha mvuke na kuangalia njia, hivyo mtoto aliyesimama kando huiona kazi yote kwa karibu, tena usawa wa macho yake. Siku ya tamasha injini nyingi huwashwa kwa pamoja, na hilo pekee linatosha kuwafanya mfunge safari ya kwenda huko.

Msikose kusimama Hythe, injini inapowekwa juu ya jukwaa la mviringo na kugeuzwa kwa kusukumwa na mikono. Wachukulieni watoto masweta, kwa maana Dungeness ni ufuo wa kokoto ulio wazi na upepo wake ni mkali.