Maswali Yenu: Hoteli za mboga za India Kusini, agiza kwa saa usiagize kwa menyu

Tangu nisimulie hapa ile miezi minne niliyokaa Chennai nikimuuguza baba mdogo, maswali ya chakula yamekuja mengi kuliko hata ya matibabu yenyewe, na wala sishangai manake ukiwa ugenini na mgonjwa, tumbo nalo linakuwa kazi nyingine. Nimechagua matano, nimejibu kwa urefu pale ninapojua watu wanakwama.

*Dada shikamoo. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai kwa upasuaji, tutakaa kama wiki sita. Tumeambiwa jirani na hospitali hoteli ni za "Pure Veg" tupu. Mama amezoea samaki, mimi sijui chakula cha huko hata kimoja kwa jina. Tunaanzia wapi?*

Marhaba mdogo wangu, na Mungu amfanyie wepesi mama. Kwanza usiogope neno hotel kwenye kibao, kule hoteli ni sehemu ya kula kama sisi tunavosema hotelini, sio lazima pawe na vyumba. Pure Veg maana yake hamna nyama, hamna samaki na hamna hata yai, ila maziwa, mtindi na samli vipo tena kwa wingi.

Sasa jambo ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza: kule chakula kinaenda na saa. Mimi niliingia saa saba mchana nina njaa, menyu ukutani imeandikwa dosa aina kama ishirini, nikaagiza dosa, weta akatikisa kichwa, "meals, meals", nikaagiza idli, meals, nikadhani hawanitaki nikatoka nikalala na biskuti. Kumbe asubuhi kuanzia kama saa moja mpaka saa tano hivi ni muda wa tifini, yaani vile vyakula vyepesi, idli, dosa, vada, pongal. Kuanzia mchana mpaka saa tisa ni wali kamili ndo huo wanauita meals, na hoteli nyingi muda huo hata jiko la dosa halijawashwa. Halafu kuanzia saa kumi jioni tifini inarudi mpaka usiku. Kwa hiyo ukikaa tu, kabla hujashika menyu, muulize weta nini kipo tayari sasa hivi, na atakachotaja ndo chukua, kitakuja cha moto na kitakuja haraka.

Anza na idli. Ni mchele na choroko nyeusi zilizomenywa, vimelowekwa vikasagwa vikaachwa usiku kucha vikaumuka, asubuhi vinamwagwa kwenye vibati vya duara na kupikwa kwa mvuke. Vinakuja viwili vitatu vyeupe pepepe, ukivigusa vinabonyea kama sponji na mvuke bado unatoka, pembeni bakuli la sambar na vijilima viwili vya chatini, cheupe cha nazi juu yake haradali iliyopasukia kwenye mafuta, na chekundu cha nyanya au pilipili. Sambar yenyewe usiione ngeni, ni mbaazi zilizokobolewa zikachemshwa mpaka zikavurugika, ukwaju, mboga kama mlonge ule wa maganda marefu (unakula nyama ya ndani, ganda unatema), na mvuje. Hiyo harufu ya mvuje ndo itakayokupokea mlangoni, siku mbili tatu utakuwa umeizoea.

Dosa ni rojo ya aina ileile ila inatandazwa kwenye bamba la moto mpaka inakauka na kulia krach ukiivunja, masala dosa ina viazi ndani. Vada ni kama bagia yenye tundu katikati. Na kwa mama akishatoka kwenye upasuaji na daktari akamruhusu kula, muulizie pongal ya asubuhi, mchele na choroko vimepikwa pamoja vikawa laini kama bokoboko, samli, bizari nyembamba na pilipili manga nzimanzima ambazo unaweza kuzitoa. Au idli na rasam tu, rasam ni supu nyepesi ya ukwaju na pilipili manga, baba mdogo wiki nzima alikuwa hapokei kitu kingine. Kitu cha kumkinga nacho ni ule unga mwekundu mkavu unaochanganywa na mafuta ya ufuta, wanauita podi, unawaka kwelikweli.

Mama akishindwa kuvumilia bila samaki, tafuteni hoteli zisizo za mboga, zipo, na ukiona kibao kimeandikwa "Military Hotel" ujue hapo nyama ipo. Ila tafadhali usije ukabeba kifurushi cha samaki ukakifungulia ndani ya Pure Veg. Wengi wanaokula pale ni watu ambao hilo ni jambo la dini na la nyumbani kwao, na utawaumiza kweli.

*Niko Vellore namsindikiza mgonjwa. Jana nimeingia sehemu nimetandikiwa jani la mgomba, wakaanza kumimina vitu, wali ukaja nikala na mchuzi wa kwanza nikashiba, kumbe ndo kwanza wanaanza! Nikaacha nusu, nikaona kama yule mzee anayehudumia amekasirika. Utaratibu wake ukoje?*

Kaka hapa nitakaa kidogo manake hiki ndo chakula ninachokikumbuka kuliko vyote. Jani linawekwa ncha nyembamba ikiangalia kushoto kwako. Unalinyunyizia maji kidogo unalifuta kwa kiganja. Halafu wanapita mmoja mmoja: chumvi, achari, mboga kavu ya nazi wanaiita poriyal, mboga nyingine nzito yenye dengu au choroko, papadi, wakati mwingine kijiko cha payasam yaani tambi za maziwa ya sukari. Hivyo vinakaa juu ya jani, nusu ya karibu na wewe imeachwa tupu kwa ajili ya wali.

Wali unapofika ndo ulipokosea, na wengi tunakosea hapohapo. Usiuweke wote kwenye mchuzi mmoja. Wali unaliwa kwa awamu na kila awamu ina mchuzi wake, kwanza kidogo na mbaazi za kuponda na samli, kisha sambar, kisha rasam, na mwisho kabisa wali na mtindi pamoja na achari, huo mtindi ndo unaotuliza tumbo baada ya pilipili zote zile. Kwa hiyo chukua wali kiganja kimoja kila mara, watarudi na ndoo zao za stili kukuongeza mpaka uchoke, kama ni meals za kuongezewa bila kikomo. Angalia kwanza lakini, kuna "mini meals" au "limited" ambazo ni kipimo kimoja, na ile isiyo na kikomo ni ya mtu mmoja, msile wawili kwenye jani moja mkaagiza moja, hawaruhusu na wana haki.

Kukataa kunahitaji haraka, manake yule mzee haangalii uso wako, anaangalia jani. Tandaza mkono wako juu ya jani na useme *podhum*, ni Kitamil imetosha. Ukitaka kidogo sema *konjam*. Mimi maneno hayo mawili yamenifikisha mbali kuliko Kiingereza changu chote. Na simwoni kama alikukasirikia kaka, alichotaka ni ufike kwenye mtindi, kule mlo usiofika kwenye mtindi ni kama haujaisha. Kula kwa mkono wa kulia, ukimaliza kunja jani kuelekea kwako, ukanawe kwenye sinki pale nyuma. Mtu asiyekujua akija kukaa meza yako usishtuke, meza ni ya wote.

*Dada, mimi ni mwanafunzi Bengaluru mwaka wa kwanza, bajeti yangu ndogo. Watu wanakula wamesimama nje, sielewi unaanzia wapi, na mchuzi wao naona una sukari. Halafu sehemu nzuri za zamani ni zipi?*

Hizo za kusimama zinaitwa darshini, na kwa mfuko wa mwanafunzi hamna mahali pazuri zaidi. Unaanza kaunta ya hela, unalipa, unapewa kikaratasi, unakipeleka kwenye dirisha la jikoni, unapokea sahani yako unasimama kwenye meza ndefu unakula, chombo unarudisha mwenyewe. Chakula kinatoka kila dakika kwahiyo hakilali, na jikoni mara nyingi unapaona hapohapo mbele yako. Nenda na noti ndogondogo, wenyeji wanalipa kwa simu ila wewe mgeni simu yako inaweza isikubali.

Sukari ni kweli, sio ulimi wako. Sambar ya Karnataka, jimbo hilo la Bengaluru, mara nyingi inatiwa sukari guru, ni mtindo wa Udupi, mji wa pwani wenye hekalu la Krishna ambalo tangu zamani linalisha mahujaji. Wapishi wa kutoka huko walitawanyika mijini karne iliyopita wakafungua hoteli za mboga, ndo maana mpaka leo utakuta jina Udupi kwenye vibao mbali kabisa na Udupi yenyewe. Ukishajua hivo huwezi kusema sambar imeharibika, utasema hii ni ya huku na ile ya Chennai ni ya kule, mimi binafsi napenda ile kali ya Chennai.

Za zamani: MTR ipo tangu 1924, na rava idli, ile ya semolina yenye korosho juu, wao wanasema waliibuni wakati wa vita vya pili vya dunia mchele ulipoadimika. Vidyarthi Bhavan pale Gandhi Bazaar ni ya 1943, jina lenyewe linahusu wanafunzi kama wewe, nenda ule masala dosa yao nene iliyokolea hudhurungi na samli, siku za wikendi foleni ni ndefu sana kwahiyo nenda katikati ya wiki. Na Brahmin's Coffee Bar hawana kabisa sambar, idli na vada zinakuja na chatini ya nazi tu, ukiimaliza unaongezewa. Nakwambia ile chatini, nyembamba kama uji, unaimwagia juu ya idli mpaka inazama, hutaulizia sambar.

*Mume wangu hali ngano kwa amri ya daktari. Tunaenda Kochi na Chennai. Atakuwa salama kwenye hizi hoteli?*

Kwa kiasi kikubwa yuko pazuri kuliko sehemu nyingi, manake msingi ni mchele. Ila mama kuna mitego. Rava ni semolina, nayo ni ngano, kwahiyo rava idli, rava dosa, upma na ile halua ya kesari aache. Parotta, puri na chapati vilevile. Mtego ambao watu hawaujui ni mvuje: ule wa unga unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, na mvuje unaingia kwenye sambar na rasam. Kama hali yake ni ile kali kabisa, ale idli na dosa za kawaida kwa chatini ya nazi baada ya kuuliza kama imetiwa mvuje, na dosa aulize kama bamba lao ni hilohilo la parotta. Kochi ataifurahia appam ya mchele na nazi, na puttu ya unga wa mchele. Mwombeni mtu wa hotelini mlikofikia awaandikie maneno hayo, kwa Kimalayalam mkiwa Kochi na kwa Kitamil mkiwa Chennai, mbebe kikaratasi, usitegemee Kiingereza cha weta saa ya msongamano.

*Bili yao inanichanganya, na ile kahawa inayokuja kwenye kikombe ndani ya bakuli, bakuli la nini?*

Bili: juu ya bei utaona kodi ya GST, kwa migahawa ya kawaida ni asilimia 5, hiyo ni halali. Ukumbi wenye kiyoyozi chakula kilekile kinaweza kuwa bei ya juu, uliza kabla hujakaa. "Service charge" ni kitu kingine, mwaka 2022 mamlaka ya kulinda walaji ya India ilitoa mwongozo kwamba mgahawa usikuongezee kwenye bili bila ridhaa yako, ukiiona omba itolewe kwa upole. Bakshishi ni hiari, noti ndogo kwenye kile kisahani cha bili inatosha.

Kahawa sasa. Ni unga wa kahawa uliochanganywa na chikori, mzizi uliokaangwa ukasagwa, unachujwa polepole tone kwa tone mpaka unapata kahawa nzito, ndo unatiwa maziwa ya moto na sukari. Kikombe ni cha stili hakina mkono na kinaunguza, kwahiyo kishike ukingoni kwenye ule mdomo uliopinda. Mimina kahawa kwenye bakuli, rudisha kikombeni, mara mbili tatu, inapoa na povu linapanda, halafu kunywa kutoka popote unapopenda, bakulini au kikombeni, wote wanafanya hivo. Na kama hutaki sukari sema unapoagiza, manake ikishafika mezani imeshakorogwa.