Mhusika Wako ni Asesa? Anza na Majivu

Karibu kila muswada wa riwaya ya vitisho ninaoletewa na mwandishi anayeanza una bastola ukurasa wa kwanza. Sicheki, maana nami nilianza hivyo. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na maiti mbili kabla ya ukurasa wa 10, na mhusika mkuu alikuwa mkadiria hasara wa bima, kazi niliyoifanya Dar es Salaam kwa miaka 12. Nilimpelekea bosi wangu wa zamani, mzee aliyenifundisha kazi. Alikaa nao mwezi mzima. Uliporudi, maiti zote mbili hakuzigusa. Alikuwa amezungushia wino mwekundu mstari mmoja tu, pale mhusika anapopitisha malipo ya gari lililoibiwa bila kudai kadi ya gari wala funguo zote mbili. Pembeni ameandika: "Huyu angefukuzwa Jumatatu."

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaanza upya, na haya ninayowaandikia, wadogo zangu mnaotaka kuandika riwaya ya mtu wa bima anayeharibikiwa, ndiyo niliyoyapata katika kuanza upya huko.

Kwanza jueni kazi yenyewe. Ofisini hakuna anayesema "mkadiria hasara", tunasema asesa. Asesa ni mtu anayekuja kwako siku moja baada ya siku mbaya kuliko zote maishani mwako, ana kamera, kalamu na futi ya kupimia, na swali lake la kwanza baada ya pole ni friji ulinunua mwaka gani. Kichekesho kiko hapo tayari, kichungu na cha bure. Ukianza kumwekea huyu mtu maneno ya kuchekesha mdomoni unaharibu. Yeye hachekeshi. Yeye anajaza fomu.

Sasa majivu. Tuseme duka la mitumba limeungua na mwenye mali anadai mabelo 60 yameteketea. Belo lililokazwa haliungui kama shati lililotundikwa. Moto unalila kwa nje, linakuwa jeusi kama gogo la mkaa, lakini ukilipasua kwa koleo unakuta ndani nguo bado zimekunjana, nyingine kola hazijapata hata doa, zinanuka moshi tu. Kwa hiyo asesa mzoefu haulizi maswali mengi. Anaomba koleo. Akichimba akakuta majivu mepesi yanayoishia kwenye kifundo cha mguu, pamoja na zipu na vifungo vya chuma vinavyojaa viganja viwili, anajua humo mlikuwa na nguo za kutundika, mabelo 60 hayakuwemo. Duka la vinywaji ni vilevile: madai yanasema friji nne, kompresa chini ziko mbili. Milango, mipira na plastiki vyote vinaweza kwisha, kompresa inabaki.

Mwenye duka amesimama pembeni, kanzu imepigwa pasi, macho kwenye koleo. Asesa anafuta jasho, anasema, "Pole sana, mzee." Mzee anajibu, "Mipango ya Mungu, mwanangu." Wote wawili wameshajua. Iandike vizuri sehemu hiyo bila kumnong'oneza msomaji nani anadanganya. Mimi iliniletea taabu kuliko sura zote za kukimbizana, na kusema kweli za kukimbizana nilizifuta karibu zote, foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, mtu anamkimbiza nani?

Pili, kuporomoka kwa mhusika. Wengi mnamtwika madeni ya kamari, nyumba ndogo na pombe kwa mpigo, halafu mnamleta jambazi na begi la hela. Msomaji anamwona ameanguka kabla hajasimama. Jaribuni kumwangusha kwa tarakimu moja, tena aibadilishe kwa huruma.

Mimi nilitumia kanuni ya uwiano, ambayo wakata bima wengi huigundua siku ya madai. Mama mjane ana duka lenye mali ya shilingi milioni 50. Kwa kupunguza ada amelikatia bima ya milioni 20. Moto unakula mali ya milioni 10. Mama anapiga hesabu yake: bima yangu ni 20, hasara ni 10, basi nitalipwa yote. Hapana. Amekata bima ya sehemu mbili kati ya tano za mali yake, kwa hiyo atalipwa sehemu mbili kati ya tano za hasara yake, yaani milioni 4. Nimeieleza hesabu hiyo kwa watu wengi sana, wamekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma yao ukuta mweusi, na sikumbuki hata mmoja aliyeikubali mara ya kwanza. Ukiiandika, iandike yote, na milioni zake. Ni mchezo wa kuigiza tosha.

Mhusika wangu naye ameieleza miaka mingi. Siku hiyo amechoka, na mama anamkumbusha marehemu shangazi yake. Kwenye ripoti, thamani ya mali yote dukani, badala ya milioni 50 anaandika 25. Basi. Uwiano unakuwa 20 kwa 25, na malipo yanapanda kutoka milioni 4 hadi 8. Hajachukua hata senti. Wiki mbili baadaye mama anamletea bakuli la vitumbua, anavila ndani ya gari faili likiwa mapajani, na tone la mafuta linadondokea ukurasa wa tatu, pembeni kabisa ya ile 25.

Doa hilo ndilo lililokuja kuchukua nafasi ya bastola yangu. Faili linapita kwa broka, yaani dalali wa bima, broka anashangaa hesabu, anapiga simu usiku: "Kaka, nimeona siku hizi una roho nzuri." Kuanzia hapo kila jambo baya linaingia kwa sauti ya upole. Broka hatishii, anaomba. Ana faili jingine dogo tu, gari la mteja wake, gereji imeandika bampa, shoo, taa mbili na rejeta, na picha zinaonyesha gari limekwaruzwa mlango wa nyuma.

Hapa niseme kitu ambacho wanaoanza hukosea. Asesa halipi. Anachunguza, anakadiria, anapendekeza, kisha kampuni ndiyo inayoamua na kulipa. Ndiyo maana anabanwa pande zote: mteja anamwona mchoyo wa hela ambazo si zake, kampuni inamwona mkarimu wa hela ambazo si zake. Yuko katikati ana kalamu. Mwandishi anayempa asesa kitabu cha hundi ameua nusu ya riwaya yake kwa mkono wake.

Mengine ya kitaalamu yapiteni haraka ila yasiwe ya uongo. Bima ndogo hailipi matengenezo ya gari lako mwenyewe, inalipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako mpaka uwe na bima kubwa. Majeruhi anahitaji PF3, ile fomu ya majeruhi kutoka polisi. Stika ya bandia ilikuwa njia nzuri ya kuendesha hadithi zamani, ila siku hizi stika ni ya kielektroniki na mtu anaihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mkitaka stika za kughushi, hadithi irudisheni nyuma kidogo. Msomaji mmoja wa Temeke anayeuza bima ndogo kwenye kibanda atawaumbua mapema.

Tatu, acheni kusoma riwaya za watu kwa muda, someni kesi. Mwaka 1927 huko Queens, New York, Ruth Snyder alishirikiana na mpenzi wake Judd Gray, mfanyabiashara msafiri wa koseti, nguo za kike za kubana kiuno, kumuua mumewe Albert. Kabla ya hapo alikuwa amemkatia mumewe bima ya maisha ya dola 48,000 kwa msaada wa wakala wa bima aliyeghushi sahihi, yenye kipengele cha kuongeza malipo akifa kifo cha ghafla cha mkono wa mtu. Walipanga ionekane wezi wamevamia. Polisi wakayakuta mapambo "yaliyoibwa" chini ya godoro la nyumba ileile. Na kilichomfungua mdomo Ruth ni kitu cha kuchekesha hadi unajisikia vibaya: wapelelezi walikuta kitu kidogo chenye herufi J.G., kumbukumbu ya Albert ya mchumba wake wa zamani Jessie Guischard, wakamuuliza J.G. ni nani. Ruth akadhani wanamsema Judd Gray, naye hakuwa ametajwa na mtu. Wote wawili walinyongwa kwa umeme gereza la Sing Sing tarehe 12 Januari 1928. Fikirini: marehemu mwenyewe, kwa mapenzi yake ya kale, ndiye aliyewakamatisha. Ningebuni hivyo mimi mngesema nimezidisha.

Au John Darwin wa Seaton Carew, Uingereza. Machi 2002 alipiga kasia baharini kwa mtumbwi, akahesabiwa amekufa, mkewe Anne akadai bima. Kwa kipindi kirefu marehemu alikuwa nyumba ya pili, ambayo pia ilikuwa yao, akivuka kwa mkewe kupitia tundu la ukutani lililofichwa nyuma ya kabati la nguo. Watoto wao wawili wa kiume waliomboleza kweli. Desemba 2007 akaingia kituo cha polisi London akidai kumbukumbu zimempotea. Mtu mmoja akaandika kwenye intaneti maneno John, Anne na Panama, ikatokea picha ya mwaka 2006, mume na mke wanatabasamu pamoja na dalali wa nyumba. Kabati, godoro, picha ya dalali. Angalieni vitu vinavyowaangusha watu hawa, vyote ni vya nyumbani.

Kwa hiyo maisha ya nyumbani ya mhusika msiyaache kama pambo. Wangu, mkewe anaondoka katikati ya kitabu na kirikuu kilichobeba friji na makochi. Mhusika anakaa sakafuni na, kwa mazoea, anaorodhesha vilivyochukuliwa: kitu, mwaka wa kununua, bei, punguzo la uchakavu. Makochi ya 2011 anayakata asilimia 70. Anajumlisha, anapata shilingi 1,140,000, anapiga mstari mara mbili chini, anatafuta pa kuipeleka orodha, hapapo. Niliiandika sura hiyo kwa uchungu, nikiwa na sababu zangu. Bosi wangu yule mzee aliposoma alicheka hadi akavua miwani, halafu akakaa kimya, halafu akaniuliza kama asilimia 70 si kubwa mno.

Bado nahangaika na mwisho. Nilikuwa na ule wa asesa kijana kuja kwenye nyumba yake iliyoungua na kumuuliza friji alinunua mwaka gani. Mzee akasema ameuona unakuja toka sura ya tatu, nikaukata. Ninao mwingine sasa. Kampuni imeshtukia malipo fulani, inataka faili moja la zamani lichunguzwe upya, na kwa kuwa yeye ndiye mwaminifu kuliko wote ofisini, linawekwa juu ya meza yake. Anafungua ukurasa wa tatu, anaona doa. Nimeiandika sura hiyo mara nne. Katika ya kwanza alijisafisha, katika ya pili akajishtaki, ya tatu alilichoma faili na nikaona aibu. Katika ya nne amefanya anachofanya asesa: amechukua futi na kamera, amerudi dukani kupima upya, na mama, aliyemwona kwa mbali, ameshabandika karai la mafuta.