Maswali na majibu: Maji, hewa na chuma, kipi kinabanika?

Mwanafunzi wa Wete ndiye aliyeanza, yakafuata mengine yanayokwenda njia hiyo hiyo. Nimeyaweka pamoja.

Mwalimu, shikamoo. Kitabu chetu cha skuli kinasema kimiminika hakibanwi. Mwalimu wetu anasema kinabanwa kidogo. Kwenye mtihani niandike lipi? (Mwanafunzi, Wete)

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ndiye mwenye haki, ingawa kitabu nacho hakijapotoka sana. Chukua lita moja ya hewa, lita moja ya maji na lita moja ya chuma, kisha kila kimoja ukiongezee presha sawa na ile ya hewa inayotuzunguka. Hewa itapungua nusu nzima. Maji yatapungua kiasi cha tone moja. Chuma kitapungua kama sehemu ya sabini ya tone hilo.

Kwa hiyo, ingawa maji yanamwagika na chuma hakimwagiki, kwenye kubanwa maji yako upande wa chuma. Gesi iko peke yake huko. Molekuli zake zimeachana mbali, ukizisukuma zinasogeleana. Za maji zimeshabanana tangu mwanzo, na kila ukizidisha nguvu zinakataana. Upungufu wenyewe ni mdogo hata wataalamu wengi waliamini kuwa haupo, mpaka Mwingereza John Canton alipoupima mwaka 1762. Andika "hubanika kidogo mno".

Mbona godoro ni yabisi na linabonyea? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Linalotoka ni hewa iliyomo kwenye vitundu vyake. Sponji yenyewe haijapungua chochote cha maana.

Ami yangu ni mvuvi. Anasema nanga ikikatikia mkondo wa Pemba haifiki chini, maji ya huko ni mazito, inabaki inaelea katikati. Kweli? (Msomaji, Mkoani)

Msalimie ami yako. Maneno haya nimeyasikia kwa wazee wengi, na nayapenda kwa sababu nusu yake ni kweli. Mkondo ule una kina cha mamia ya mita, na kila mita 10 unazoshuka presha inaongezeka sawa na ile ya hewa ya juu. Maji ya chini yamebanwa na yale ya juu yake, kwa hiyo ni mazito zaidi. Lakini kwa kiasi gani? Ukishuka mita 1,000, uzito wa lita moja umeongezeka kwa kama nusu asilimia tu. Hata kwenye shimo la bahari lenye kina kuliko yote duniani, kule Pasifiki, karibu kilomita 11 kwenda chini, nyongeza ni kama asilimia 5. Chuma ni kizito karibu mara nane ya maji. Nanga haina pa kusimama. Iko chini, mchangani.

Hata hivyo kidogo hicho, kikijumlishwa bahari nzima, si kidogo tena. Lau maji yasingebanika kabisa, uso wa bahari zote ungekuwa juu kwa zaidi ya mita 30 kuliko ulivyo leo. Forodhani tungekwenda kwa kupiga mbizi.

Nikishuka kilima kirefu na abiria, breki inazama mpaka chini. Nikipampu mara mbili tatu inarudi. Fundi anasema kuna upepo. Upepo umeingia vipi? (Dereva, njia ya Chake)

Fundi yuko sawa, lakini huenda upepo haukuingia, umezaliwa humo humo. Mafuta ya breki hufikisha nguvu ya mguu wako kwenye magurudumu kwa sababu hayabanwi kirahisi. Pakiwa na povu la gesi, mguu unalibana povu kwanza, gurudumu linapata mabaki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu, na unyevu kwetu haukosekani. Yakichakaa huchemka mapema: ukikanyaga sana mteremkoni yanapata moto, yanatoa mvuke. Kutoa upepo peke yake hakutoshi, mwambie abadilishe mafuta yote. Na kabla ya hapo usipakie abiria, ndugu yangu.

Mtungi wangu mpya wa gesi nikiutikisa unacheza ndani, haukujaa. Nimepunjwa? (Bibie wa Fuoni)

Si lazima. Kilichomo ndani kwa wingi ni kimiminika, na huachiwa nafasi juu makusudi, kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Mtungi ukipata joto kile kimiminika kinatanuka. Kikiwa na nafasi, kinaubana mvuke ulio juu yake, basi. Ungejazwa pomoni kingekosa pa kwenda, chenyewe hakibanwi kirahisi, na presha ingepanda ghafla kwa joto dogo tu. Kupunjwa kunajulikana kwenye mizani: upime, toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa ubavuni au shingoni, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia. Kikipungua, rudi dukani na mtungi wako.